Kadi Imegoma Kwenye King'amuzi Kingine? Namna ya Kuvioanisha

Maswali ni yale yale, hubadilika sauti tu. King'amuzi kimeungua, mtu kaazima cha shemeji yake, kachomeka kadi aliyoilipia jana, chaneli hazifunguki. Mwingine kanunua king'amuzi cha mkononi, muuzaji kampa na kadi juu yake, kalipa kifurushi, na skrini inamwambia kadi hii si ya king'amuzi hiki. Wa tatu kahamisha kadi kutoka sebuleni kwenda chumbani dakika tano kabla ya mechi. Wote watatu hunipigia nikiwa juu ya ngazi, mkono mmoja umeshika dishi. Kwa hiyo naandika mara moja, na atakayeuliza nitamtumia hiki.

Kadi yako haijafa. Imeoanishwa na king'amuzi kimoja, na haitafungua chaneli kwenye kingine mpaka kampuni ya matangazo ibadilishe kumbukumbu zake. Kazi yenyewe hufanyika kwenye mitambo yao, si sebuleni kwako. Wewe una mawili tu: kuwapa namba zilizo sahihi, na kukiacha king'amuzi kimewaka, kadi ikiwa ndani na mawimbi yakiingia, mpaka ujumbe wao ufike. Karibu kila anayeshindwa ameteleza kwenye moja ya hayo mawili.

Kwa nini wanazifunga kadi kwa king'amuzi kimoja

Nitakwenda haraka hapa. Chaneli ya kulipia hurushwa ikiwa imefungwa kwa ufunguo wa siri unaobadilika kila mara, katika mifumo mingi kila baada ya sekunde 10 hivi. Kadi ndiyo inayoutoa ufunguo huo na kukikabidhi king'amuzi. Zamani ulipita kati yao ukiwa wazi. Wezi wakaona mwanya: ukiudaka ufunguo pale kwenye migusano ya kadi, unaweza kuurusha kwa intaneti ukawafikia watu mamia, kadi moja iliyolipiwa ikawalisha wote. Na ufunguo wenyewe ni mdogo mno, biti 64, hata intaneti ya kusuasua inaubeba.

Kuoanisha kunaziba mwanya huo. Kadi huufunga ufunguo kwa mara ya pili kabla ya kuutoa, na chipu iliyo ndani ya king'amuzi kimoja tu ndiyo inayoweza kuufungua. Anayeudaka njiani anabaki na takataka. Tatizo ni kwamba kadi haijui nia yako: ukiihamisha kwa wema kabisa, inakuona sawa na mwizi. Neno "kuoanisha" limekaa vizuri kuliko waliolichagua walivyodhani. Ni ndoa ya mke mmoja, na talaka hutolewa na kampuni peke yake.

Kabla hujaanza, kusanya hivi

- Kadi yenyewe, mkononi, si picha yake ya mwaka juzi.
- King'amuzi unachotaka kukitumia, na stika yake ya chini iwe inasomeka.
- Runinga na rimoti ya king'amuzi hicho, kwa sababu utaingia kwenye menyu.
- Jina na namba ya simu iliyosajiliwa kwenye akaunti. Kama akaunti ni ya mumeo, baba au mwenye nyumba, awe karibu. Kampuni haitamsikiliza mtu baki, na ina haki.
- Kifurushi ambacho hakijaisha. Kadi isiyolipiwa inaweza kuoanishwa vizuri kabisa na bado usione picha, nawe utadhani kuoanisha kumeshindikana.
- Simu yenye kamera, kalamu na karatasi.
- Muda wa kama saa moja usio na haraka. Usianze kazi hii mechi ikiwa imebaki robo saa.

Hakikisha pia mambo mawili. Kwanza, king'amuzi chako kina tundu la kadi? Vingi vya siku hizi havina. Chipu imo ndani na namba ya king'amuzi ndiyo kadi yenyewe. Kama chako ni hivyo, mwongozo huu haukuhusu. Pili, kadi na king'amuzi ni vya kampuni moja? Kadi zote hizi zina umbo moja na kadi ya benki, kwa hiyo ya kampuni hii itaingia kwenye tundu la kampuni ile bila shida. Kuingia si kuoana.

Hatua kwa hatua

1. Angalia mawimbi kwanza. Washa king'amuzi bila kujali kadi, ingia kwenye menyu, tafuta ukurasa wa mawimbi. Utaona mistari miwili: nguvu na ubora. Wengi hutazama nguvu wakafurahi. Tazama ubora. Nguvu inaweza kuwa juu huku ubora ukiwa sifuri, maana yake dishi linapokea kitu lakini si kile unachokitaka. Ubora ukiwa unapandashuka, tengeneza dishi au waya kwanza na uache habari za kadi. Ujumbe wa kuoanisha hupitia humo humo.

2. Zima, chomoa umeme, geuza king'amuzi, piga picha stika. Piga karibu, taa ikiwa ya kutosha, kisha ikuze picha uhakikishe kila tarakimu inasomeka. Kwenye stika hiyo kuna namba zaidi ya moja na hapa ndipo watu huzama. Kuna jina la modeli. Kuna namba ya utengenezaji, mara nyingi mbele yake pameandikwa "S/N". Kuna namba ya chipu, ambayo huweza kuandikwa "CHIP ID" au "STB ID". Kama kinaunganishwa na intaneti, kuna na anwani ya "MAC", yenye tarakimu zilizochanganyika na herufi za A hadi F. Kampuni huhitaji mojawapo, wakati mwingine mbili, lakini modeli na anwani ya "MAC" mimi sijawahi kuombwa.

Mama mmoja aliwahi kunisomea namba ya kadi kwa simu. Akaanza, "Sifuri, sifuri, B..." Nikamwambia, "Subiri kwanza, mama. Hiyo umeisoma wapi?" "Hapa hapa chini, mwanangu, kwenye karatasi nyeupe." "Hiyo ni ya king'amuzi, mama. Kadi ni ile ndogo inayochungulia pale mbele. Itoe, namba iko mgongoni." Kimya. Kisha, "Kumbe hii inatoka?" Alikuwa na king'amuzi kile miaka minne.

3. Soma namba ya kadi. Itoe taratibu king'amuzi kikiwa hakina umeme. Namba ndefu iliyochapwa juu yake ndiyo unayoitaka. Piga picha pia. Iandike kwenye karatasi kwa makundi ya tarakimu nne nne, kwa sababu jicho hupotea katikati ya namba ndefu na kuruka sifuri moja bila wewe kujua. Sifuri za mwanzo ni sehemu ya namba, usiziache.

4. Linganisha karatasi na menyu. Rudisha umeme na kadi (namna ya kuichomeka iko hatua ya 5), washa, kisha tafuta sehemu ya taarifa za mfumo au taarifa za kadi. Humo king'amuzi hujisomea chenyewe namba zake na za kadi. Zikipishana na stika, amini menyu. Stika inaweza kuwa imefutika, na kwenye ving'amuzi vya mkononi nimeshakuta kava la kimoja limevalishwa mashine ya kingine.

Hatua hii niliiruka siku moja na ikaniumbua. Stika ilikuwa imesuguliwa na meza, 8 nikaisoma 3. Mfumo haukulalamika. Kadi ikafungwa na king'amuzi ambacho mpaka leo sijui kiko kwa nani, na mteja wangu akakaa siku mbili bila picha akiamini nimemharibia mashine. Tarakimu za kuzitilia shaka ni 8 na 3, 1 na 7, 5 na 6. Penye herufi, 0 na O, 8 na B.

5. Safisha kadi, uichomeke sawasawa. Kile kibati cha rangi ya dhahabu kifute kwa kitambaa laini kikavu. Kikiwa na uchafu mkaidi, pamba yenye spiriti kidogo, kisha uache ikauke. Usitumie msasa wala sifongo ya chuma, na usiilambe kadi halafu ukaifuta kwa shati. Nimeyaona yote hayo. Tabaka la dhahabu ni jembamba sana, ukilichubua hakuna kampuni itakayokuoanishia.

Kadi huingia upande wa chipu ukitangulia. Je, chipu itazame juu au chini? Kwenye ving'amuzi vingi hutazama chini, lakini si vyote. Kando ya tundu kuna mchoro mdogo wa kadi, ufuate huo. Sukuma mpaka ukutane na ukinzani mdogo, kisha acha. Nyingi hubaki zimechungulia kidogo nje na ndivyo inavyotakiwa. Ukiipiga kwa kiganja ipotelee yote ndani, utaitafuta kwa bisibisi.

6. Angalia kama programu ya king'amuzi imesasishwa. King'amuzi kilichokaa kabatini muda mrefu kinaweza kuwa na programu ya zamani isiyozungumza lugha moja na kadi mpya. Kwenye menyu tafuta sehemu ya kusasisha programu. Kikianza kusasisha, usikizime hata kama skrini imekuwa nyeusi na unahisi kimekwama. Kukata umeme katikati ya kusasisha kunaweza kukiua kabisa, na hicho ni kifo cha kweli, si cha kuoanisha.

7. Weka chaneli ya kulipia iliyomo kwenye kifurushi chako. Si chaneli ya bure, si redio, si orodha ya vipindi. Wengine wana chaneli maalumu wanayopenda uiweke; ukiambiwa, fuata. Skrini itakuonyesha ule ujumbe wa kukataa. Iache hivyo hivyo, ndiyo hali inayotakiwa.

8. Wasiliana na kampuni. Njia zinaweza kuwa simu, programu yao ya kwenye simu, tovuti, ujumbe mfupi au kwenda kwa wakala. Ukipiga simu, sema kwa ufupi na kwa mpangilio: "Nataka kadi yangu ioanishwe na king'amuzi kingine. Namba ya kadi ni hii. Namba ya king'amuzi kipya ni hii. Cha zamani kimeharibika." Hilo la mwisho lina uzito, kwa sababu wanapaswa kuondoa uhusiano wa zamani kabla ya kufunga mpya.

Mambo matatu usikate simu kabla hujayapata. Mwombe akurudishie namba zote mbili kwa kuzisoma, tarakimu moja moja, nawe ufuate kwenye karatasi. Uliza kama kuna ada, na kama kubadilisha mara nyingi kuna kikomo. Kisha uliza ombi limepewa namba gani ya kumbukumbu. Anayekwambia "tayari" bila kukusomea chochote, mwombe kwa upole asome.

9. Subiri, na usiguse kitu. Hatua hii haina kazi yoyote, na ndiyo inayowashinda watu wengi kuliko zote.

Ujumbe wa kuoanisha hauji kwa simu. Kampuni huutia ndani ya matangazo yenyewe, ukiwa umeandikiwa namba ya kadi yako, ukapanda hadi kwenye setilaiti na kushuka kwenye madishi yote. Wanaotumia antena ya kawaida, unapita kwenye minara, mambo ni yale yale. Kila king'amuzi kinausikia, kadi yenye namba hiyo peke yake ndiyo inayoitika. Hurudiwa mara kwa mara mwanzoni, kisha kwa kawaida nafasi kati ya mara moja na nyingine hurefuka. Kwa hiyo anayezima na kuwasha kila dakika mbili "ili ishike" anaukwepa ujumbe unaomtafuta.

Nguvu ya ujumbe wa aina hii si ya kubeza. Tarehe 21 Januari 2001, wiki moja kabla ya Super Bowl, fainali ya futiboli ya Kimarekani, kampuni ya matangazo ya setilaiti ya DirecTV ya Marekani ilirusha ujumbe kutoka angani ulioziua kadi nyingi za wizi zikiwa ndani ya ving'amuzi vya watu, bila fundi kubisha hodi popote. Kama unaweza kuua kadi, kuioanisha ni kazi ndogo. Sharti ni moja: uikute nyumbani.

Kwa hiyo kadi isitoke. King'amuzi kisizimwe, hata kwa rimoti. Ile taa nyekundu ya kusubiri huwadanganya wengi. Kwenye ving'amuzi kadhaa ikiwaka hiyo, mapokezi yamelala. Usibadilishe chaneli. Mara nyingi picha hufunguka ndani ya dakika chache hadi nusu saa. Mimi zikipita saa mbili bila kitu, narudi kwenye simu na ile namba ya kumbukumbu, namwomba aurushe ujumbe tena. Simwombi aoanishe upya. Kuoanisha upya kunaweza kuhesabiwa kuwa badiliko jingine na kula kikomo chako.

10. Jaribu kabla hujashangilia. Picha imekuja? Zungukia chaneli tatu au nne za kulipia. Kisha zima, chomoa umeme dakika moja, washa tena. Ikirudi yenyewe, kadi imeuandika ujumbe. Rudi kwenye ukurasa wa taarifa za kadi. Baadhi ya ving'amuzi huonyesha hapo kama kadi imeoanishwa na namba ya chipu iliyooana nayo. Piga picha ya ukurasa huo, uihifadhi pamoja na zile mbili za mwanzo. Siku king'amuzi kitakapoungua hakitawaka kukuonyesha menyu.

Hali zenye mambo yake

*King'amuzi cha mkononi.* Usilipe kabla hujafanya hatua ya 8 na muuzaji akiwa amesimama hapo. Namba ya king'amuzi inaweza bado kuwa kwenye akaunti yake, au ya mtu aliyeibiwa, na kampuni haitaihamisha bila mwenyewe kukubali. Apige yeye simu, aseme amekiachia. Akianza kusema hana salio, simu imezima, atapiga jioni, mrudishie mashine yake.

*Kadi imepotea au imevunjika.* Hapo hutafuti kuoanisha ya zamani. Unaomba kadi mpya, kifurushi kihamishiwe huko, kisha mpya ioanishwe. Hakikisha ya zamani imefungwa.

*Moduli ya CAM kwenye runinga.* Hapa hakuna king'amuzi cha nje; kadi huingia kwenye moduli, moduli ikaingia ubavuni mwa runinga. Kadi huoanishwa na moduli, kwa hiyo namba unayotoa ni ya moduli, si ya runinga. Chomeka kadi kwenye moduli kwanza, runinga ikiwa imezimwa, ndipo uingize moduli. Kama ni za aina ya CI+, toleo lenye ulinzi zaidi, moduli na runinga hukaguana vyeti kabla ya kufanya lolote, na mara ya kwanza ukaguzi huo unaweza kuchukua dakika kadhaa. Usiichomoe kwa kudhani haisomi.

*King'amuzi cha pili cha chumbani.* Hiki mara nyingi ni kitu kingine kabisa. Cha pili huoanishwa na cha kwanza, kwa waya au mtandao wa nyumbani, na hupaswa kukiona cha kwanza kila mara ili kiendelee kufanya kazi. Ukiita huduma kwa wateja useme "kuoanisha" bila kufafanua, utapewa maelekezo ya hiki wakati unataka cha kadi, au kinyume chake.

Usiingie kwenye haya

Usirudishe mipangilio ya kiwandani ukidhani utaivunja ndoa ya kadi. Utafuta orodha ya chaneli na mipangilio ya dishi, uhusiano wa kadi utabaki palepale, na sasa una matatizo mawili.

Usilipe tena kifurushi kwa sababu picha haijaja. Malipo na kuoanisha ni vitu viwili. Namfahamu aliyelipa mara tatu jioni moja.

Usimwamini anayekupigia ghafla akisema kadi yako "inatakiwa kuoanishwa upya leo". Kuoanisha hakuhitaji namba yako ya siri ya benki wala ya pesa za simu. Akiiomba, kata.

Na wapo wanaouza "laini": unaunganisha king'amuzi kwenye intaneti, wao wanakuletea funguo za kadi iliyoko kwingine. Huo ndio wizi ambao kuoanisha kulibuniwa kuuzima, na ukizimwa hakuna wa kumdai. Mbali na sheria, umemfungulia mtu usiyemjua mlango wa mtandao wa nyumbani kwako. Wateja wa namna hiyo wakinipigia siku laini inapokatika, sina la kuwasaidia.

Mambo yakigoma

"Ingiza kadi", na kadi imo. Si suala la kuoanisha bado. King'amuzi hakiioni kadi kabisa. Zima, itoe, geuza upande wa chipu, rudisha, washa. Bado? Safisha. Bado? Jaribu kadi nyingine ya kampuni hiyo hiyo kwenye tundu hilo. Kama nayo haionekani, meno ya tundu yamepinda au yameshika kutu. Kama inaonekana, hata kwa kukataliwa, basi kadi yako ndiyo mbovu.

"Kadi si sahihi" au "kadi haijaoanishwa na king'amuzi hiki". Hii ni habari njema kuliko inavyosikika: kadi inasomeka, tundu ni zima. Ama ujumbe haujafika, ama namba zilikosewa. Rudia kusomewa namba kwenye simu. Kwa uzoefu wangu anza na namba ya king'amuzi, hiyo ndiyo hukosewa zaidi.

"Huna ruhusa ya kutazama chaneli hii". Kuoanisha kunaweza kuwa kumekamilika, kifurushi ndicho hakijafika. Jaribu chaneli ya kifurushi cha chini kabisa. Ikifunguka, uliza habari za kifurushi tu, usiguse kingine.

Chaneli za bure zinaonekana, za kulipia zote nyeusi. Dishi na waya havina neno. Rudi hatua ya 7 na 9.

Hakuna mawimbi kabisa. Kadi haina hatia. Mara nyingi ni waya uliolegea nyuma ulipokuwa unageuza king'amuzi kusoma stika. Anza hapo kabla ya kupanda juu ya paa.

Ilifunguka, siku chache baadaye ikafunga. Ruhusa na funguo zilizo ndani ya kadi hufanywa upya kila baada ya muda, na king'amuzi kinachochomolewa ukutani kila usiku hukosa masasisho. Kiache kimewaka kwenye chaneli ya kulipia muda mrefu, hata usiku mzima. Ikijirudia kila mara, omba waangalie kama kadi imeachwa kwenye kumbukumbu mbili, ya king'amuzi cha zamani na cha sasa.

Kwa wakala inafunguka, nyumbani haifunguki. Uliza swali moja: ulibeba king'amuzi chako, au ulibeba kadi tu? Kama ulibeba kadi tu, wakala ameijaribu kwenye king'amuzi chake, na kuna uwezekano ndicho alichoioanisha nacho. Rudi naye kwenye simu aiondoe huko. Kama ulikwenda na vyote viwili vikafunguka pale, kadi na king'amuzi ni wazima. Shida iko kati ya dishi lako na tundu la waya lililo nyuma ya king'amuzi.